Kisa cha Komati: makaa yalizimwa, ajira za kijani zikachelewa

Tarehe 31 Oktoba 2022, shirika la umeme la Afrika Kusini, Eskom, lilizima mashine ya mwisho iliyokuwa bado inazunguka katika kituo cha Komati, jimbo la Mpumalanga. Siku chache baadaye, wajumbe wa mataifa wakiwa wanaelekea Misri kwa mkutano wa tabianchi wa COP27, Benki ya Dunia ikatangaza dola milioni 497 za kukigeuza kituo hicho. Palipokuwa na makaa ya mawe pangekuwa na umeme wa jua wa megawati 150, wa upepo megawati 70, na betri za megawati 150. Wafanyakazi na wakazi wa jirani wangefundishwa kazi mpya. Komati ikatajwa kila mahali kuwa kielelezo: nchi inayopata takribani asilimia 80 ya umeme wake kwa makaa ingeonyesha jinsi ya kuyaacha bila kuwatupa watu wake.

Mwaka uliofuata, Tume ya Rais ya Tabianchi, chombo kilekile kilichoandaa mfumo wa taifa wa mpito wa haki, yaani wa kuacha makaa bila kuwatupa wanaoyategemea, ilitoa tathmini na mapendekezo yake kuhusu Komati. Maandalizi yalianza kwa kuchelewa. Wafanyakazi na wakazi hawakushirikishwa vya kutosha. Kazi za zamani ziliondoka kabla za mpya hazijafika.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakina mhalifu wa wazi. Fedha zilipatikana, teknolojia ipo, na nia ilitamkwa hadharani na kuandikwa katika mikataba. Hata hivyo, watu waliokuwa wakila kwa jasho la kituo kile walibaki wakisubiri. Hapo pana la kujifunza kwa kila anayepanga kufunga mgodi, kiwanda au mtambo kwa jina la uchumi wa kijani.

Kituo kilichokufa mara mbili

Komati kilianza kufua umeme mwaka 1961, na mashine yake ya tisa ikaingia kazini mwaka 1966. Mashine tano zilikuwa za megawati 100 kila moja na nne za megawati 125, jumla megawati 1,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Eskom ilikuwa na umeme kuliko ilivyohitaji, kwa hiyo kituo kikaanza kupunguzwa mwaka 1988, na mwaka 1990 kikafungwa kabisa. Umeme ulipoanza kuwa haba, kikafufuliwa kuanzia mwaka 2008, mashine moja baada ya nyingine.

Wachambuzi wengi huipita historia hii haraka, lakini naiona ina uzito. Kijiji kilichowahi kuona mtambo ukilala miaka 18 kisha ukaamka kina sababu ya kuamini kwamba utaamka tena. Tangazo la kufunga linapofika mahali kama hapo, haitoshi kusema "tunafunga". Inabidi kuonyesha kwa mikono ni nini kinachokuja badala yake, na lini, kwa sababu bila hivyo mtu mwenye busara atasubiri. Atabaki katika nyumba yake ya kupanga, hataanza kozi, hatahama, akiamini kwamba Eskom itamhitaji kama ilivyomhitaji zamani.

Sababu za kufunga zilikuwa nzito. Mtambo ulikuwa umechakaa na kuutengeneza kulikuwa ghali. Kufikia siku ya mwisho ni mashine moja tu kati ya tisa iliyokuwa ikizalisha. Hewa ya nyanda za Mpumalanga ni miongoni mwa hewa zilizochafuka zaidi barani. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ilikuwa imeamua kwamba uchafuzi wa eneo hilo unavunja haki ya kikatiba ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya. Kesi hiyo ilifunguliwa na mashirika ya wanaharakati, mojawapo likiwa la wakazi wa Mpumalanga wenyewe. Kwa hiyo anayesema kwamba wenyeji walitaka makaa na wageni wakawaletea jua hasemi kweli yote. Walitaka hewa safi na walitaka kazi, na vyote viwili ni haki yao.

Wakati wenyewe ndio uliokuwa mbaya. Mwaka 2022 nchi ilikuwa na mgao wa umeme kwa zaidi ya siku 200. Ni vigumu kumweleza mtu aliyekaa gizani jana kwa nini leo mtambo unazimwa. Kwa hesabu, megawati 125 za mashine ile ni sehemu ya nane tu ya ngazi moja ya mgao, kwa maana kila ngazi huondoa megawati 1,000 kwenye gridi, na mahitaji ya nchi hupita megawati 30,000. Lakini hasira za watu hazipimwi kwa megawati. Kgosientsho Ramokgopa, aliyeteuliwa waziri wa umeme Machi 2023, aliukosoa hadharani ufungaji wa Komati, na tangu hapo jina la kituo hiki limekuwa silaha mikononi mwa kila anayetaka mpito wote usimame.

Nani hasa alikuwa akiishi kwa kituo hiki

Kwa wafanyakazi wake wa kudumu, Eskom ilitoa ahadi iliyo wazi: hakuna atakayefukuzwa kwa sababu ya kufungwa kwa Komati. Wengi walihamishiwa vituo vingine, na Mpumalanga ina vituo vingi vya makaa kuliko jimbo jingine lolote. Ukisimamisha hesabu hapo, utasema mpito ulikuwa wa haki.

Lakini kituo cha makaa huendeshwa na tabaka kadhaa za watu. Chini ya mwajiriwa wa kudumu kuna mkandarasi anayeleta mafundi wa kuchomelea mabomba ya boila wakati wa matengenezo. Kuna waendesha mitambo wanaosogeza makaa na majivu, wasafishaji, walinzi, wapishi wa kantini, madereva wa malori. Hawa hulipwa na kampuni za kandarasi, na kandarasi ikiisha kazi imeisha. Hakuna kuhamishwa, na wala hakuna aliyewafukuza, kwa lugha ya karatasi. Nyuma yao kuna tabaka la tatu ambalo halimo katika daftari la mishahara la mtu yeyote: mwenye vyumba vya kupangisha, mwenye duka, muuza chakula cha mchana getini, anayelea watoto wa mama anayeingia zamu ya usiku.

Uhamisho wenyewe, uliokuwa habari njema kwa mwajiriwa, ulikuwa pigo kwa tabaka hili la tatu. Kila familia iliyohamia kituo kingine iliondoka na kodi yake ya nyumba, karo yake na fedha yake ya sokoni. Kadiri Eskom ilivyotimiza ahadi yake kwa watumishi wake, ndivyo kijiji kilivyozidi kukauka. Sioni kwamba ahadi ile ilikuwa kosa. Mfanyakazi hapaswi kupoteza mkate wake ili duka la jirani lipone. Ila mpango uliohesabu tabaka moja na kuacha mawili usiitwe mpango wa jamii nzima.

Lazima pia isemwe kwamba pigo hili halikuwa la kwanza. Mgodi wa makaa wa Koornfontein, ulio jirani na Komati, ulikuwa umeanguka kifedha mwaka 2018 na kuwekwa chini ya wasimamizi wa kuuokoa kisheria. Wakazi walikuwa tayari wamechoka kabla kituo hakijafungwa, na hiyo ni sababu nyingine kwa nini kusubiri mwaka mmoja au miwili kulikuwa kuzito kwao kuliko ilivyoonekana ofisini.

Fedha zilikoelekea

Mgawanyo wa zile dola milioni 497 unaeleza mengi. Milioni 33.5 zilitengwa kwa kuufunga mtambo wa zamani. Milioni 416 zilikuwa za mitambo mipya ya jua, upepo na betri. Kwa wafanyakazi na jamii zilibaki milioni 47.5, ambazo hazifiki asilimia 10.

Mtu anaweza kutetea mgawanyo huo akisema vyuma ni ghali na mafunzo ni nafuu. Ni kweli kwa kiasi. Paneli, betri na nyaya hununuliwa kwa bei ya dunia, ilhali mwalimu hulipwa kwa bei ya nchini. Tatizo langu liko kwenye mantiki iliyo nyuma yake, kwamba ukijenga mtambo mpya ajira zitafuata zenyewe. Kwa umeme wa makaa dhana hiyo ilikuwa na ukweli, kwa sababu makaa yanahitaji mikono kila siku: kuchimbwa, kusafirishwa, kusagwa, kuchomwa, na majivu yake kuondolewa. Jua halichimbwi. Shamba la paneli huhitaji mamia ya watu kwa mwaka mmoja au miwili ya ujenzi, wa kusimika nguzo, kufunga fremu, kutandaza nyaya. Likishawashwa hubaki na mafundi wachache, walinzi, na watu wa kukata nyasi na kuosha vioo. Betri huhitaji watu wachache zaidi. Mitambo ya upepo ya megawati 70 ni minara isiyo mingi, na fundi wake lazima awe na cheti cha kufanya kazi juu ya minara.

Hata ajira hizo za ujenzi, ambazo zingeweza kuwapa watu pumzi, hazikuja kwa wakati. Mwaka mmoja baada ya moto wa mwisho kuzimwa, shamba kubwa la paneli lilikuwa bado halijajengwa. Vilivyokuwepo ni vitu vidogo: karakana ya kuunganisha vituo vidogo vya umeme wa jua ndani ya makontena, na jaribio la kilimo chini ya paneli pamoja na ufugaji wa samaki. Karakana ile naiheshimu, kwa sababu ni kazi ya mikono inayofanywa palepale, bidhaa yake inahitajika vijijini ambako gridi haijafika, na fundi umeme wa kituo cha makaa anaielewa. Lakini ilianza kwa udogo ambao haukuweza kulibeba eneo zima.

Mafunzo kwa ajili ya kazi gani?

Kozi zilipangwa. Muungano wa wafadhili wa nishati safi ulishirikiana na kituo cha mafunzo cha SARETEC, cha Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Cape Peninsula, ili pale Komati pawe na mahali pa kuwanoa watu upya. Wazo lilikuwa zuri: usimpeleke fundi Cape Town, mlete mwalimu kwa fundi.

Swali ni nani anaweza kugeuzwa kuwa nini, na hapa wengi huongea kana kwamba wafanyakazi wote wa makaa ni kundi moja. Fundi umeme, fundi wa vifaa vya kupimia, opereta wa chumba cha udhibiti na mtaalamu wa njia za kusafirisha umeme wana ujuzi unaohamishika kwa urahisi. Umeme ni umeme; anayejua swichi za msongo mkubwa anahitaji miezi, hahitaji miaka, kuielewa betri na kigeuzi chake. Hao ndio Eskom iliwahitaji mahali pengine, kwa hiyo ndio walioondoka kwanza.

Mchomeleaji wa boila ana hali tofauti. Miaka yake ya uzoefu imo katika bomba lenye mvuke wa shinikizo kubwa, ambapo tundu dogo linaweza kuua. Katika shamba la paneli hakuna mvuke wala bomba la aina hiyo. Ujuzi wake unafaa viwandani, na jimbo lenye viwanda lingeweza kuuchukua, lakini ukimpa kozi ya wiki chache ya kufunga paneli umemshusha ngazi: anatoka kwenye ufundi wa juu na kuingia kwenye kazi inayofanywa na kibarua aliyefundishwa kwa siku kadhaa, kwa ujira wa kibarua. Hajaendelezwa hapo, hata kama cheti anacho.

Kisha yupo mwendesha mtambo wa kusogeza makaa na majivu. Kwake yeye kazi iliyo karibu zaidi ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu: kubomoa, kusafisha asbesto, kufunika na kuotesha majani juu ya dampo la majivu la miongo sita, kurekebisha ardhi. Hiyo ni kazi ya miaka, inafanyika palepale, na inatumia mashine anazozijua. Laiti ningeulizwa ajira za kijani za kwanza Komati zingekuwa zipi, ningetaja hiyo kabla ya paneli yoyote. Kuponya ardhi iliyochafuliwa ni uchumi wa kijani kwa maana yake ya wazi kabisa, lakini kwa kuwa haitoi umeme wala picha ya kuvutia, huachwa mwisho na kupewa kampuni ya ubomoaji inayokuja na watu wake.

Kwa wasafishaji, wapishi na walinzi hakuna kozi itakayotatua, kwa sababu hawakukosa ujuzi. Walikosa mahali pa kuutumia. Katika nchi ambako zaidi ya asilimia 30 ya nguvukazi haina ajira, kumpa mtu cheti cha pili bila mwajiri upande wa pili ni kumwongezea miadi ya kungoja.

Mashaka ya vyama vya wafanyakazi

Vyama vikubwa, NUM cha wachimba migodi na NUMSA cha wafanyakazi wa vyuma, viliutazama mpito huu kwa wasiwasi tangu mapema, na ni rahisi kuviita wapinga maendeleo. Mimi sioni hivyo. Tangu mwaka 2011 umeme wa jua na upepo nchini humo umekua zaidi kupitia wazalishaji binafsi, na mashamba mengi yamejengwa majimbo ya Cape, mbali na Mpumalanga. Kwa mchimba makaa, ajira ya kijani ilikuwa kitu kilichopo mkoa mwingine, katika kampuni binafsi, ambako chama chake hakina mizizi. Machi 2018 NUMSA ilikwenda mahakamani kuzuia serikali isitie saini mikataba ya wazalishaji 27. Haikufaulu, na mikataba ikasainiwa Aprili. Ukilitazama tukio hilo pamoja na Komati utaona kwamba hofu ilikuwa na msingi: hakuna aliyekuwa amewaonyesha kazi mpya iliyo karibu na nyumbani, yenye ujira unaolingana na wa zamani na haki ya kujiunga na chama.

Kwa upande wa fedha, ushirikiano wa kuisaidia Afrika Kusini kuacha makaa, uliotangazwa Glasgow Novemba 2021, wa dola bilioni 8.5 kutoka Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya, ulikuwa kwa sehemu kubwa mikopo. Mkopo hupenda mradi unaorudisha fedha. Shamba la paneli hurudisha. Posho ya mama wa kantini kwa miaka miwili hairudishi. Ndiyo maana fedha za watu zingepaswa kutafutwa kwenye ruzuku, na ruzuku ndiyo iliyokuwa chache. Machi 2025 Marekani ikajiondoa kabisa.

Hispania ilifuata mpangilio mwingine. Oktoba 2018 serikali yake ilisaini makubaliano na vyama vya wafanyakazi na kampuni za migodi, ya euro milioni 250, kabla migodi mingi ya makaa haijafungwa mwishoni mwa mwaka huo. Wachimbaji kuanzia umri wa miaka 48 waliruhusiwa kustaafu mapema, vijana wakapewa kipaumbele katika kazi za kurekebisha ardhi ya migodi na mafunzo ya kazi za kijani. Hispania ni nchi tajiri zaidi, na wachimbaji waliohusika walikuwa wachache, kwa hiyo kiasi cha fedha hakilinganishwi. Kinacholinganishwa ni mfuatano: saini ya mfanyakazi ilitangulia tarehe ya kufunga. Komati tarehe ya kufunga ilitangulia, na mazungumzo ya dhati na jamii yakafuata.

Vituo vinavyofuata

Camden, Hendrina na Grootvlei, vyote vya Mpumalanga, vilikuwa vifungwe kabla ya mwisho wa muongo huu. Baada ya yaliyotokea Komati na kwa hofu ya kurudi kwa mgao, muda wao umesogezwa hadi 2030. Kwa afya ya wakazi hiyo ni miaka zaidi ya moshi, na sitaki kulipunguza hilo. Lakini muda umeshatolewa, na sasa unaweza kupimwa kwa mambo yanayoonekana.

Je, kuna daftari la majina ya wafanyakazi wa kandarasi wa vituo hivi vitatu, likiwa na ujuzi na umri wa kila mmoja, au bado hesabu inaishia kwa waajiriwa wa Eskom? Je, zabuni ya kubomoa na kurekebisha ardhi ina sharti la kuwachukua watu wa daftari hilo kwanza? Je, mitambo mipya inajengwa wakati mtambo wa zamani bado unazunguka, ili fundi atoke zamu ya makaa Ijumaa na kuingia ya jua Jumatatu? Nyaya za kusafirisha umeme zipo tayari pale, jua la nyanda hizo linatosha, na ardhi ya Eskom ipo; ujenzi hauna haja ya kungoja moshi uishe. Je, kuna mwajiri aliyeweka saini kabla kozi haijafunguliwa, akitaja idadi ya nafasi na mshahara? Na mwenye vyumba vya kupangisha, ambaye hatajwi katika sheria yoyote ya kazi, ametengewa nini: mkopo nafuu, muda wa nafuu ya kodi za manispaa, au ofisi ya umma itakayohamishiwa hapo ili watu wabaki?

Afrika Kusini ina takribani wachimba makaa 90,000, na Komati kilikuwa kituo kidogo miongoni mwa vituo vyake. Camden na Hendrina vina uwezo mkubwa kuliko kile kilichobaki Komati siku ya mwisho, na vina vijiji vyao, wakandarasi wao na mageti yao yenye wauza chakula. Majibu ya maswali hayo yakiwa bado hayapo ifikapo 2028, hakutakuwa na muda wa kuyatengeneza kabla ya 2030, kwa kuwa kumwandaa fundi huchukua muda na shamba la paneli huchukua karibu miaka miwili kusimama tangu mkataba kusainiwa.